Cyberpunk, tokeni za stima na maneno mengine watu husema bila kuangalia

Ukimtajia mtu cyberpunk, zile hadithi za kubuni za dunia yenye teknolojia ya juu na maisha ya chini, anafikiria magari ya kupaa, mataa ya rangi rangi na jamaa ana mkono wa chuma. Hizo vitu ziko kwa hadithi kweli, sikatai, lakini ukishikilia hapo tu utakosa utamu wenyewe. Wacha nipitie zile dhana zinanikera, zingine nitazipita mbio.

DHANA: Hizo hadithi ziliandikwa na wataalamu wa kompyuta.

Wapi! Jina lenyewe lilitoka kwa hadithi fupi ya Bruce Bethke iliyochapishwa 1983, halafu 1984 William Gibson akatoa riwaya ya Neuromancer, ile kila mtu anaitaja, na hiyo aliiandika na taipureta ya kugonga na vidole, kompyuta hakuwa nayo. Chenye alielewa ni watu: mtaani maisha ni ngumu, juu kuna kampuni zenye nguvu kushinda serikali, na hapo katikati kuna mtu mdogo ana deni anatafuta pa kupenyea. Ndio maana zinasomeka vizuri ata ukiwa umekaa Kondele, Kisumu, unangoja matatu ijae.

DHANA: Zilitabiri maisha ya leo.

Zilibahatisha tu. Filamu ya Blade Runner ilitoka 1982 na inaonyesha Los Angeles ya Novemba 2019, magari yanapaa, kuna watu bandia huwezi tofautisha na binadamu, halafu mhusika mkuu akitaka kupiga simu akiwa kwa baa inabidi atumie ile ya kulipia ya ukutani. Sasa 2019 hiyo hiyo mama wa omena pale Kibuye alikuwa anapokea malipo kwa simu ya kabambe, na M-Pesa ilikuwa imemaliza miaka 12 tangu ianze Machi 2007.

DHANA: Wenye wamefungwa na teknolojia ni hawa vijana wa TikTok.

Hapa ndio naomba tukae kidogo, juu hii inarudiwa kila mahali, kanisani, kwa redio, kwa mikutano ya wazazi, na nadhani inaficha mambo makubwa.

Chukua mzee wa Nyalenda hana intaneti, ana mulika mwizi ya kupokea simu tu, ungesema huyu yuko huru. Lakini nyumba yake iko na mita ya tokeni, zile nambari unanunua unabonyeza kwa mita ndio upate stima. Kila tokeni imebeba saa ndani yake, na hiyo saa inahesabiwa kwa dakika kuanzia 1993, kwa mfumo ulitengenezwa Afrika Kusini, na nafasi waliyowekea hiyo hesabu inatosha dakika milioni 16 na ushee pekee. Piga hesabu utaona inaishia 2024, na kweli tarehe 24 Novemba 2024 ilifika na mita yoyote haikuwa imebadilishwa ingekataa kila tokeni mpya. Kwa hivyo miezi ya kabla ya hapo ukinunua stima unatumiwa mistari mitatu ya nambari 20 20, miwili ya kuweka mita sawa na wa tatu ndio stima yako, na wazee walikuwa wanasomewa nambari na wajukuu, mtoto anataja, mzee anabonyeza, akiruka moja mita inamwambia hapana, wanaanza huo mstari upya. Huyo mzee hajawahi kufungua TikTok maisha yake yote, na mwanga wa nyumba yake ulikuwa unategemea uamuzi mtu alifanya mezani miaka thelathini iliyopita!

Ama angalia mtu wa boda. Anachukua pikipiki kwa mkopo, analipa kila siku kwa simu, na ndani ya hiyo pikipiki wamemfichia kifaa kinaonyesha iko wapi na kingine kinaweza kuizima kutoka mbali. Akichelewesha malipo anaweza kuwa stejini Mamboleo, abiria ashapanda na kuku mkononi, anabonyeza stata, kimya. Petroli iko, plagi ni nzima, betri iko sawa. Abiria anashuka anapanda ya jirani, jamaa anabaki akitafuta mtu wa kumkopesha mia tano ndio aruhusiwe kuendesha kitu amekalia. Hiyo ndio cyberpunk bwana, na hakuna mkono wa chuma hapo, ni deni na suichi imeshikwa na mtu mwingine.

DHANA: Hayo ni mambo ya wazungu, huku kwetu bado.

Julai na Agosti 2023 watu walipanga laini KICC Nairobi wakiskaniwa mboni za macho na ile mashine ya mviringo ya mradi wa Worldcoin, wakilipwa sarafu za mtandaoni za kama shilingi elfu saba. Serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru hizo data zifutwe. Mtu ameuza macho yake alipe kodi ya nyumba. Kama bado unangoja ifike sijui unangoja nini.

DHANA: Hii hofu ya mashine ni mpya.

Hapana. E. M. Forster aliandika hadithi ya The Machine Stops 1909, binadamu wote wako chini ya ardhi, mashine moja inawafanyia kila kitu, halafu inaharibika. Tuendelee.

DHANA: Dawa ni kutupa simu tu.

Jaribu basi, ulipe karo na matatu na tokeni na nini? Ata kwa hizo hadithi wahusika hawatupi kitu, wanafungua, wanageuza, wanatumia venye mwenye kuunda hakukusudia. M-Pesa ilipojaribiwa 2005 lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyewafundisha, na kampuni ilipokuja kuizindua rasmi ikabidi iwafuate wao, ndio ukasikia lile tangazo la kutuma pesa nyumbani.