Muleni haujagoma, acha kuung'oa

Jana tena. Shoga yangu wa Leicester, Uingereza, kanipigia, ati ule muleni niliompa, mmea wa majani ya manyoya, umegoma kutoa maua, mwaka mzima majani matupu, kaung'oa katupa. Jamani niliumia! Ni wa nne mwaka huu.

Muleni, Verbascum thapsus, mwaka wa kwanza kazi yake ni kukaa chini, duara la majani limelala kwenye udongo na mzizi mkuu unazama. Baadaye ndo unapandisha mlingoti, hata mita 2, maua ya njano, unamwaga mbegu unakufa mpaka mzizi. Kwa hiyo hata wanaosema unatoa maua kila baada ya miaka miwili wamekosea, unatoa mara moja tu maishani.

Sasa kinachonikera zaidi ni hiyo "miaka miwili" yenyewe, watu wanaihesabu kwa kalenda. Mmea unaangalia ukubwa wa lile duara na baridi basi. Duara likiwa dogo, majira ya baridi yanapita na mmea unabaki chini vilevile, unasubiri mwaka wa tatu, na kwenye udongo mbovu hata zaidi. Na bila baridi haunyanyuki, ndo maana ndugu zangu wa Dar wakiniomba mbegu nawaambia mtapata majani tu. Nimelima huu mmea miaka mingi na bado siwezi kukwambia ni sentimita ngapi hasa zinatosha, nina miwili ilikuwa sawa kama sahani, mmoja ukapanda mwingine ukalala mwaka mwingine mzima. Vitabu vinaandika "miaka miwili" vinapita.

Samadi usiweke. Jua, changarawe, maji yasituame. Usiuhamishe ukishakuwa mkubwa, mzizi haupendi. Mbegu usizifukie, zinataka mwanga, zimwage juu ya udongo uliochokonolewa ubonyeze na kiganja. Zilizofukiwa hazifi lakini, zinangoja: kule Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea aitwaye Beal alizika chupa za mbegu mwaka 1879, na 2021 ilipofukuliwa chupa mojawapo, mbegu za ukoo huu wa Verbascum ndo zilizoota.

Viwavi weupe wenye madoa ya njano na meusi wakija, watoe kwa mkono, au waache, majani yatatoboka lakini mlingoti mara nyingi unapanda tu.

Na hata huo mwaka wa majani matupu si wa bure. Mwezi wa saba kaa karibu na jani asubuhi kukiwa na jua, utamwona nyuki mmoja mnene mwenye madoa ya njano tumboni, jike, anakwangua yale manyoya kwa meno kama anayenyoa blanketi, anayaviringisha kidonge cheupe chini ya tumbo, anaruka nacho kwenda kutandikia kiota. Jani linabaki na mstari wa kijani kibichi pale alipopita. Shoga yangu alikuwa nao huo, kautupa kwenye pipa la taka.