Kontinyuesheni: programu ikirudi nyuma, hesabu hairudi nayo

Programu ikiwa katikati ya kazi, yote yaliyobaki kufanywa kuanzia hapo ndiyo kontinyuesheni yake. Lugha nyingi za kuandikia programu huificha. Scheme, iliyobuniwa na Gerald Sussman na Guy Steele katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1975, humkabidhi mwandishi wa programu mkononi: aihifadhi kama anavyohifadhi namba, aiite akitaka, hata mara kumi. Akiiita, programu huacha ilichokuwa ikifanya na kurudi pale pale ilipohifadhiwa.

Wengi wakifika hapa hudhani wamepata dawa ya kutengua makosa. Bado.

Tuseme karani wa chama cha msingi Tandahimba anapima korosho. Gunia la kwanza ni kilo 78, jumla 78. Kabla ya kuuliza la pili, programu inahifadhi kontinyuesheni. Karani anakosea, anaandika 810 badala ya 81. Jumla inaruka hadi 888. Anabonyeza "Rudia", kontinyuesheni inaitwa, kioo kinauliza tena: "Gunia la pili, kilo ngapi?" Anaandika 81. Jumla inasoma 969, wakati ilipaswa kuwa 159.

Kontinyuesheni hukumbuka hatua zinazofuata. Jumla imekaa kwenye kisanduku chake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na kontinyuesheni inajua tu kisanduku kilipo, haikunakili kilichomo. Ni kama msafiri wa Masasi aliyepitiliza akarudi njia panda ya Mnazi Mmoja: njia panda ni ile ile, lakini nauli imeshatoka mfukoni.

Dawa ninayoipenda mimi ni kutokuwa na kisanduku kabisa. Kila hatua ipokee jumla ya zamani na kukabidhi mpya kwa hatua inayofuata. Hapo 78 inakuwa sehemu ya kontinyuesheni yenyewe, na ukirudi unaikuta. Kama kisanduku hakikwepeki, andika pembeni thamani ya zamani kabla ya kuibadilisha, ndipo uirudishe programu ikirudi nyuma. Prolog, lugha nyingine ya programu, hufanya hivyo kila inapojaribu jibu likakwama: huondoa thamani ilizovipa vibadilika (majina yanayoshika thamani) katika jaribio hilo, kisha hujaribu njia nyingine.

Kilichokwisha kutoka nje ya programu ni habari nyingine. Kama ujumbe wa kilo 888 umeshafika kwenye simu ya mkulima, hakuna kontinyuesheni ya kuuvuta. Programu itabidi imtumie ujumbe wa pili, wa kusahihisha.