Shemeji, tatizo siyo ukubwa wa kompyuta

Juzi tena, safari hii kwenye kikao cha harusi Tabata. Nimeulizwa kazi yangu, nikajibu kwamba naiga mafungunyota, yaani makundi ya nyota zinazoshikiliana kwa mvutano wao, kwa kompyuta. Soda hata haijafunguliwa: "Sasa shemeji, si mtafute kompyuta kubwa zaidi mmalize?" Nikacheka. Hasira zimenipata nyumbani.

Kila nyota inavuta kila nyingine, kwa hiyo kompyuta inapiga hesabu jozi kwa jozi. Nyota 1,000, jozi kama nusu milioni. Nyota milioni moja, jozi kama bilioni 500. Hapo prosesa nyingi zinasaidia kweli, GPU (chipu zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo) ndiyo usiseme. Tuendelee.

Kinachonitoa jasho ni nyota pacha. Jana usiku nimeingia kwenye mashine (iko nje ya nchi, umeme wa Sinza ukikatika inazimika laptopu yangu tu), nikakuta saa ya uigaji kama imeganda. Nyota mbili zimebanana, zinazungukana kila siku tatu, na mimi nataka kulifuata fungunyota zima kwa miaka bilioni 12. Kompyuta inasogeza muda hatua kwa hatua, na pacha hao wanadai hatua fupi mno; hatua ya pili haipigwi kabla ya kwanza kuisha. Muda haugawiki kwa vibarua. Basi prosesa zote zimekaa zinasubiri wawili hao, kama daladala iliyosimama kwa sababu konda anazozana na mtu mmoja chenji ya mia mbili. Ongeza viti uone kama itaondoka.

"Si uwatoe hao wawili?" Hapo ndipo ninapochemka! Wanaoiga magalaksi hulainisha mvutano wa karibu, yaani huupunguza makusudi nyota zikikaribiana, na wana haki: kule nyota ni nadra kukaribiana. Kwenye fungunyota, pacha ndiyo jiko. Nyota ya tatu ikipita karibu hutupwa kwa kasi, pacha wanabanana zaidi, na nishati hiyo huzuia kitovu kuporomoka. Ukiwatoa, umeiga kitu kingine. Tunachofanya ni kuwabadilishia hesabu: mbinu ya Kustaanheimo na Stiefel ya 1965 inaondoa mlipuko wa namba umbali unapokaribia sifuri. Inafanya kazi vizuri pacha wakiwa peke yao. Wangu wa jana walikuwa na jirani.

Halafu kuna la aibu. Mwanaastronomia Miller alionyesha mwaka 1964 kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni hukua mara dufu kwa dufu. Yaani njia ya nyota yoyote moja kwenye mafaili yangu, baada ya muda, ni ya uongo. Tunaamini wastani: ukubwa wa kitovu, nyota zinazotoroka. Mimi pia naamini, ila ukinibana unionyeshe uthibitisho kamili, nitabadilisha mada.

Asubuhi nimeingia tena. Jirani kabaki ndani, pacha wamerushwa nje ya fungunyota, saa inakimbia. Nikiwasha nyota zilezile kwenye kompyuta kubwa zaidi, tofauti ndogo tu ya kukadiria namba inatosha, huenda pacha hao wasitoke kabisa.