Kusoma Biblia kila siku si malipo ya wokovu

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba siku iliyopita bila kusoma Biblia huwapunguzia kibali mbele za Mungu, kana kwamba wokovu wao unategemea idadi ya sura walizomaliza. Dhana hiyo huwatesa waumini wanyofu, na inapingana na Maandiko yenyewe. Waefeso 2:8-9 inafundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Na kusoma, hata kwa bidii kubwa, ni tendo. Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu (Luka 23:43) aliahidiwa peponi bila kupata nafasi ya kufungua hata gombo moja. Isitoshe, kwa karne nyingi kabla ya uchapaji wa Gutenberg katika miaka ya 1450, waumini walio wengi hawakumiliki Biblia, bali walilisikia Neno likisomwa kusanyikoni.

Kwa nini basi tusome? Kwa sababu imani huja kwa kusikia (Warumi 10:17), na Maandiko, kama Yesu alivyosema katika Yohana 5:39, humshuhudia yeye. Aliyeokolewa husoma ili amjue Mwokozi wake zaidi. Akikosa siku moja, aendelee kesho yake pale alipoachia, bila hofu ya kukataliwa.