Difu loki: kwa nini 4x4 hukwama huku matairi mawili yakizunguka bure

Gari liko kwenye 4x4, dereva anakanyaga mafuta, na halisogei. Ukiinama kuangalia, tairi moja la mbele linazunguka hewani, na la nyuma la upande wa pili nalo linazunguka. Yale mawili yaliyokanyaga ardhi imara yametulia. Abiria huuliza kama 4x4 imekufa. Haijafa. Inafanya kazi kama ilivyoundwa, na kinacholizuia gari ni difu.

Difu ni kile kitumba cha chuma kilichovimba kwenye ekseli. Gari likikata kona, tairi la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima lizunguke haraka zaidi. Kama shafti za kushoto na kulia zingeungwa moja kwa moja, kila kona tairi moja lingeburuzwa kwenye lami. Ndiyo maana krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, inayozungushwa na pinioni (gia ndogo) kutoka propela shafti, yaani fimbo inayoleta nguvu ya injini kwenye ekseli, haizishiki shafti hizo yenyewe. Huzishika kupitia gia ndogo za ndani, ambazo huruhusu upande mmoja uende mbio na mwingine upunguze.

Husemwa mara nyingi kwamba difu hupeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza. Kauli hiyo ndiyo inayowapoteza wanafunzi. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha nusu kwa nusu, wakati wote. Tatizo ni kwamba huwezi kulipatia tairi moja zaidi ya kile ambacho mwenzake anaweza kukipokea. Tuchukue mfano wa hesabu tu: tairi lililo hewani linahitaji Nm 40 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) lizunguke. Basi lililo chini nalo linapata Nm 40, hata ukikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Jumla ni Nm 80, na kilima kinataka 600. Mafuta zaidi yanaongeza kasi ya tairi la hewani tu.

Difu loki huzizima zile gia ndogo. Meno ya chuma huunganisha upande mmoja wa shafti na kasha la difu, na kuanzia hapo matairi mawili ya ekseli hiyo yanazunguka pamoja kama yamefungwa kwenye bomba moja. Tairi la hewani halina tena neno; lililokanyaga mwamba linapata chochote linachoweza kukibeba.

Sasa, swali la kumuuliza mwenye gari si "una difu loki?" bali "inafunga difu ipi?" Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukiweka H4 (4x4 ya mwendo wa kawaida) au L4 (4x4 ya gia nzito), transfa, yaani kasha la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma, huunga propela ya mbele na ya nyuma bila difu katikati. Maana yake umehakikishiwa kwamba angalau tairi moja la mbele na moja la nyuma yatazunguka, basi. Loki za ekseli ni kitu cha ziada: baadhi ya gari zimetoka nazo kiwandani, na nyingi hazina. Ukiona swichi ya kuzungusha iliyoandikwa RR (nyuma) na FR (mbele), zipo. Land Rover Defender ya zamani ni 4x4 wakati wote, kwa hiyo ina difu tatu, ya tatu ikiwa ndani ya transfa. Ule mkono mfupi wa transfa ukisukumwa upande, taa ya loki ikawaka, umefunga difu ya kati peke yake. Ekseli zote mbili bado ziko wazi. Madereva wengi wa Defender huona taa ile wakaamini matairi manne yamefungwa, kisha wakaingia korongoni kwa imani hiyo.

Loki huwekwa kabla ya kuingia pabaya. Ukiiweka tairi likiwa tayari linazunguka kwa kasi, meno yanagongana na chuma kinaweza kukatika. Simama, weka L4, zungusha swichi kwenye RR. Taa ikipepesa, meno hayajaingia bado: tembeza gari polepole kama mwendo wa miguu, ukichezesha usukani kidogo kushoto na kulia, mpaka taa itulie. Kwenye magari mengi ya Toyota taa ya ABS (mfumo unaozuia breki zisigandishe matairi) nayo huwaka wakati loki inafanya kazi. Usiende gereji kwa hilo.

Anza na ya nyuma. Mara nyingi inatosha. Ya mbele ukiifunga, usukani unakuwa mzito na gari linataka kwenda moja kwa moja hata ukilikata. Usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho huku loki ya mbele imeingia na mguu uko kwenye mafuta, kinachovunjika ni jointi ya CV, kile kiungo cha shafti kinachoruhusu tairi la mbele kukata kona, na kuibadilisha porini ni kazi ya nusu siku. Ukishavuka, toa loki kabla ya kukata kona. Ikigoma kutoka, shafti zimejipinda kwa mkazo. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.

Kwenye lami usiitumie hata kidogo. Na kuna sehemu moja ambako loki ni hatari kuliko faida: mteremko wa ubavuni wenye utelezi. Ekseli iliyo wazi, tairi moja likiteleza, lingine hubaki limeng'ang'ania ardhi na kulizuia gari lisishuke upande. Ekseli iliyofungwa huteleza matairi yote mawili kwa pamoja, na mkia wa gari unafuata bonde.

Kuna pia mahali ambapo haisaidii. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa magharibi mwa Serengeti au wa Maasai Mara wakati wa mvua, hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kote. Matairi manne yaliyofungwa hapo huchimba mashimo manne kwa usawa. Mara difu yenyewe inapolalia tope, loki imekwisha kazi. Kinachohitajika ni sepetu na jeki, pamoja na mawe au mbao za kuweka chini ya tairi. Kwenye mchanga, upepo wa tairi una faida kubwa kuliko loki. Shusha kutoka PSI 35 hadi 18 au 20 kwanza, halafu uone kama bado unahitaji kufunga kitu, na usisahau pampu ya kurudishia upepo.

Asiye na loki ana hila moja ya zamani: kuvuta breki ya mkono kidogo huku akikanyaga mafuta taratibu. Breki hulipatia tairi la hewani uzito wa kupigana nao, na difu, kwa kuwa hugawa nusu kwa nusu, hulipatia la chini kiasi hicho hicho. Mifumo ya kisasa ya umeme inayokamata breki ya tairi linaloteleza hutumia kanuni ileile. Hila hii hufaa tu pale breki ya mkono inaposhika matairi ya nyuma. Kwenye Defender ya zamani inashika propela shafti, kwa hiyo haisaidii lolote, na kuivuta gari likiwa kwenye mwendo ni kutafuta kuvunja vitu.

Kuhusu matunzo, difu nyingi hizi hutumia oili ya GL-5, SAE 90 au 80W-90. Yenye LSD, yaani difu inayopunguza utelezi yenyewe bila loki, inataka oili iliyoandikwa hivyo. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga halafu ukakuta ya kujazia imeganda, gari limebaki bila oili na huendi popote. Kipimo ni oili kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Ugali mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya nati ni kawaida; vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikizamishwa mtoni hupoa ghafla na kuvuta hewa. Kama tundu la kupumulia limezibwa na tope, inavuta maji kupitia sili za shafti. Safisha tundu hilo, au liunganishe mpira mrefu hadi juu ya injini, na baada ya kuvuka maji marefu kagua oili siku hiyohiyo. Loki za umeme zina adui mwingine, kukaa bila kutumika: mota yake hushika kutu. Iwashe na kuizima angalau mara moja kwa mwezi, kwenye changarawe, gari likienda moja kwa moja.