Nicodemus: mji wa Weusi katika nyanda za Kansas

Ukitajiwa kijiji cha ndani kabisa Marekani, huenda unamwona mzungu mwenye kofia pana na ng'ombe wake. Wengi huamini nyanda za huko zilifunguliwa na wazungu peke yao. Si kweli.

Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na Weusi waliowahi kuwa watumwa, wengi wao kutoka Kentucky. Matangazo yaliwaahidi nchi ya neema. Walichokuta ni nyasi na upepo, mti wa kujengea hakuna. Wakachimba makao ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, aliuliza mji uko wapi. Akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka ardhini. Alilia, na nani angemlaumu? Majira ya baridi ya kwanza, Waindio wa Osage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliwagawia nyama.

Dhana nyingine ni kwamba mji ulififia kwa sababu wenyewe walishindwa kilimo. Ukame uliwaumiza kweli, lakini uliwaumiza majirani wazungu pia. Pigo kubwa lilikuwa reli: mwaka 1888 ilipita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamishia maduka yao mji jirani wa Bogue, kando ya njia hiyo.

Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14 tu. Usiuite mahame, hata hivyo: tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurudi kwa sherehe ya ukombozi kutoka utumwani.