Je, wajua kwa nini rangi hubambuka chini ya ukuta, tena mvua zikishapita?

Ukiingia nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, tazama ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi imevimba, imebambuka, na nyuma yake kuna unga mweupe unaopukutika ukiugusa. Wengi husema ni fangasi. Fangasi mara nyingi huwa nyeusi au kijani, na hunuka. Huo unga mweupe ukwangue kidogo, uutie kwenye glasi ya maji: kwa kawaida utayeyuka, maana ni chumvi.

Inatoka wapi? Udongo wa pwani unayo. Mchanga wa bahari uliofyatuliwa tofali unayo, hata simenti ina chumvichumvi zake. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyembamba mno, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Mara nyingi huishia kama mita moja hivi kutoka chini, kwa kuwa hapo hukauka upesi kuliko yanavyopanda. Maji yanakwenda zake hewani, chumvi inabaki. Inajikusanya nyuma ya rangi, inaganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma. Rangi ndiyo ya kwanza kuachia. Zikikulia ndani zaidi, lipu nayo huachia.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Wakati wa masika ukuta umelowa na chumvi imeyeyuka ndani yake, haimsumbui mtu. Jua likirudi na ukuta ukaanza kukauka, fuwele hujitokeza na rangi hupasuka. Tena chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukivuka asilimia 75 hivi, kiwango ambacho pwani hufikiwa usiku mwingi wa mwaka. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, hata kama udongo wa nje ni mkavu.

Kabla ya kumwita fundi, hakikisha chanzo. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani, nawe unahitaji dirisha lifunguliwe zaidi kuliko unavyohitaji fundi. Na kama doa liko juu, nyuma ya bafu au karibu na sinki, shuku bomba kwanza.

Marekebisho huanzia nje. Zunguka nyumba uone kama udongo au bustani ya maua imepanda juu ya ile nailoni nyeusi ya msingi inayozuia maji ya ardhini kupanda ukutani, ambayo mafundi huiita DPC. Ikiwa imefunikwa, maji yanaipita kwa juu, na kazi yako ya kwanza ni jembe. Tazama pia kama sakafu ya nje inamimina maji ukutani, na kama gata limetoboka. Nyumba isiyo na DPC kabisa ni gharama nyingine: tofali hukatwa kipande kwa kipande na nailoni kuingizwa.

Ndani, bandua lipu hadi sentimita 30 hivi juu ya alama ya unyevu. Sugua chumvi kwa brashi ikiwa kavu, ukazoe na kutupa mbali. Usiioshe, maana maji huirudisha ndani. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upige lipu mpya ya mchanga wa mto uliooshwa, yenye chokaa ndani yake.

Kosa kubwa ni kuficha kwa rangi ya mafuta au marumaru. Maji yakikosa pa kutokea hapo, hupanda juu zaidi kutafuta upenyo. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyopumua. Zikisilibwa simenti, unyevu hunaswa ndani. Kwa ukuta wako pia, chokaa au rangi ya maji isiyoziba ndiyo ya kupaka, na kabati lisogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.